Mgeni Mwenye Diploma na Mgeni Mwenye Jembe

Kongo yetu imekwisha pokea wageni wa namna mbili. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamishia Kivu Wanyarwanda wakulima. Baada ya uhuru wa 1960 walikuja walimu kutoka Haiti, kwani shule zilipungukiwa na walimu. Wako wasemao: apokewe msomi tu. Sisi wa Lubutu twauliza: bati ya Punia ilichimbwa kwa diploma, au kwa mikono? Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa 1963, alifundisha kwamba kuhamia nchi nyingine kwa sababu ya haki ni haki ya mtu. Hakutaja diploma. Basi sheria na ipime mahitaji ya nchi, wenyeji wasikose kazi. Lakini utu wa mgeni usipimwe kwa karatasi.