Nusu gramu ya risasi na upepo mwepesi: Karibu kwa wapenzi wa bunduki za hewa

Bila shaka unamkumbuka. Mwishoni mwa Julai 2024, Olimpiki ya Paris ikiwa imepamba moto, picha moja ilizunguka kwenye simu za dunia nzima. Mzee wa Uturuki amevaa tisheti ya kawaida na miwani ya kawaida, mkono mmoja uko mfukoni, mwingine umenyoosha bastola. Watu walitengeneza vichekesho wee! Hata Armand Duplantis, bingwa wa kuruka kwa upondo, alimwiga baada ya kuvunja rekodi ya dunia kwenye michezo hiyo hiyo.

Mzee mwenyewe anaitwa Yusuf Dikeç. Alikuwa na miaka 51, na siku hiyo yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walitia kibindoni medali ya fedha. Ambacho wengi hawakugundua ni kwamba bastola ile haikuwa na baruti hata chembe. Ilikuwa ya hewa.

Sasa, Olimpiki ni upande mmoja tu wa bunduki za hewa, ule unaoonyeshwa kwenye televisheni. Upande wa pili hauna kamera nyingi. Karibu kila mwaka, wapenzi wa bunduki hizi kutoka nchi mbalimbali hufunga mizigo, wakasafiri na kukutana msituni au nyikani kwa mashindano ya dunia ya mchezo unaoitwa Field Target. Hapa tuuite shabaha za porini. Ujerumani iliwapokea mwaka 2013, Lithuania 2015, Ureno 2016, Wales 2017 na Poland 2018. Afrika pia haikuachwa nyuma, kwani Afrika Kusini imewahi kuwa mwenyeji.

Utauliza, hiyo inanihusu nini mimi wa Umoja, Bamburi au Kondele? Subiri kidogo. Huu ni mchezo ambao mwenye misuli hapati faida kubwa, kijana na mzee wanapiga shabaha zile zile, na anayekuandikia alama ni yule yule unayeshindana naye.

Kuwinda bila kuua

Mchezo huu ulianzia Uingereza. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1980 katika kijiji cha Magham Down, huko Sussex. Kabla ya hapo, mtu mwenye bunduki ya hewa alikuwa na mambo mawili makuu ya kufanya: kutoboa karatasi, au kwenda kuwinda panya, sungura na kunguru. Shabaha za porini zikaleta njia ya tatu. Unapata changamoto yote ya mwindaji, yaani miti, vivuli, miteremko na upepo, lakini hakuna kiumbe kinachokufa.

Badala ya mnyama kuna kibao cha chuma kilichokatwa kwa umbo lake, pengine panya, pengine kunguru. Katikati ya kibao kuna tundu la duara, na nyuma ya tundu kuna kijibao kidogo. Risasi ikipita kwenye tundu na kugonga kijibao, mnyama wa chuma anaanguka chali. Umepata alama moja. Ikigonga pembeni mwa tundu, utasikia mlio wa chuma lakini mnyama atabaki wima anakutazama. Hiyo ni sufuri. Hakuna nusu alama, hakuna “karibu apate.”

Shabaha ikianguka, huhitaji kutembea kwenda kuiinua. Kuna kamba ndefu kutoka hapo ulipo mpaka kwenye shabaha. Ukiivuta, mnyama anasimama tena, tayari kwa anayefuata.

Siku ya shindano

Hebu jiweke pale. Asubuhi unaanzia kwenye uwanja wa mazoezi, unapiga risasi chache kuhakikisha darubini iliyo juu ya bunduki yako haikusogea safarini. Waandaaji pia hupima nguvu ya bunduki kwa kifaa kinachosoma kasi ya risasi, maana nguvu ina kikomo: jouli 16.27, sawa na futi-pauni 12 kwa vipimo vya Waingereza. Kikomo hicho hakikuokotwa hewani. Ndicho kiwango ambacho sheria ya Uingereza iliweka kwa bunduki za hewa ambazo hazihitaji cheti cha bunduki.

Hiki kikomo ndicho kiini cha mambo. Unaweza kuwa na pesa za kununua bunduki ya bei kali kuliko gari la mjomba wako, lakini risasi yako haitatoka na nguvu kupita ya jirani. Wote mnatuma kitu kidogo cha milimita 4.5, kilichotengenezwa kwa madini ya risasi, chenye kiuno chembamba, na uzito wa karibu nusu gramu. Wenyewe hukiita peleti. Kinatoka kwa kasi ya takriban mita 240 kwa sekunde, na hapo kazi ya bunduki imekwisha. Yaliyobaki ni wewe na mazingira.

Hewa yenyewe inatoka wapi? Bunduki nyingi za mashindano zina mtungi mdogo uliojazwa hewa ya presha kubwa, mara nyingi karibu bar 200. Ukilinganisha na tairi la gari dogo, ambalo lina kama bar 2, hiyo ni mara mia. Nyingine hazina mtungi. Unavunja mtutu au kuvuta mkono wa pembeni, springi inajikunja, na ukifyatua springi inasukuma hewa. Hizi hutikisika zaidi na huhitaji mkono wa subira, ndiyo maana zina kundi lake la ushindani.

Kila siku unapitia shabaha 50. Siku tatu zinakupa 150. Unatoka kituo kimoja kwenda kingine, na kwenye kila kituo kuna shabaha zinazokusubiri na dakika chache tu za kumaliza kazi. Wengi huketi chini kwenye mto mdogo, magoti yameinuka, bunduki imetulia juu ya goti. Ila kwenye vituo vingine sheria inakulazimisha usimame au upige goti, na hapo ndipo mabingwa huanza kutokwa na jasho.

Umbali haujaandikwa popote

Hapa mchezo unakuwa mtamu. Shabaha inaweza kuwa mita 10 au mita 50, na hakuna bango la kukuambia. Vifaa vya leza vya kupima umbali ni marufuku. Utafanyaje? Unatumia darubini yako. Unazungusha gurudumu la pembeni polepole mpaka shabaha ionekane safi kabisa, nyasi moja moja. Kwenye gurudumu hilo umeandika namba nyumbani baada ya saa nyingi za kupima: hapa picha ikiwa safi ni mita 32, hapa ni mita 41. Ukikosea mita chache, peleti inapita juu au chini ya tundu.

Na tundu lenyewe ni dogo. La mbali lina upana wa milimita 40. La kati ni milimita 25, karibu sawa na sarafu yako ya bob ishirini. La karibu linaweza kuwa milimita 15, kama ukucha wa kidole gumba.

Kisha kuna upepo. Kipande cha nusu gramu hakina ubavu wa kubishana na upepo. Upepo mwepesi, ule wa kutikisa majani tu, unatosha kukisukuma sentimita kadhaa kando kabla hakijafika mita 50. Kwa hiyo utaona watu wamefunga kiuzi kwenye mtutu wa bunduki wakikitazama kinavyopepea. Wengine wanatazama nyasi zilizo katikati ya njia, kwa sababu upepo wa pale ulipo si lazima uwe upepo wa kule shabaha ilipo. Unaamua: nilenge ukingo wa kushoto wa tundu, au nje kabisa ya tundu? Ndiyo, kuna wakati ili upate lazima ulenge mahali unapojua kwamba bila upepo ungekosa.

Mpinzani ndiye karani

Hamtembei peke yenu. Mnapangwa wawili au watatu, mara nyingi watu ambao hawajawahi kuonana, pengine hata lugha hamuelewani vizuri. Wewe ukipiga, mwenzako anashika kadi yako na kuandika. Akipiga, unaandika yake. Mwisho wa siku mnatia saini.

Fikiria hilo kidogo. Hapo msituni hakuna VAR. Anayeandika kwamba umepata ni mtu ambaye angenufaika ukikosa. Na wewe vivyo hivyo kwake. Ukiona shabaha imegongwa sawasawa lakini ikakataa kuanguka, sheria inasema usiguse kamba, mwite msimamizi aikague. Ikiwa ina hitilafu, unapewa nafasi tena. Ikiwa ni nzima, basi ulikosa, songa mbele. Ukishavuta kamba, malalamiko yamekwisha.

Sisi tuliozoea mechi za mtaani zinazoishia kwa “refa ameuzwa” tuna cha kujifunza hapo. Mchezo mzima unasimama juu ya imani kwamba mtu usiyemjua ataandika ukweli hata kama ukweli huo unamshusha kwenye jedwali. Mtu akivunja imani hiyo, hakuna teknolojia ya kuirudisha.

Miaka 16, dhahabu mkononi

Kama unadhani bunduki za hewa ni za wazee wa rika la Dikeç, tazama matokeo mengine ya Paris 2024. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alishinda dhahabu ya bunduki ya hewa ya mita 10 kwa wanawake akiwa na miaka 16, miaka mitatu tu baada ya kuanza mchezo. Alitoshana nguvu na Huang Yuting wa China, wakapewa risasi moja moja ya kuamua. Huang akapata 10.3. Ban akapata 10.4.

Au mtazame Manu Bhaker wa India. Kwenye Olimpiki ya Tokyo bastola yake ilimsumbua katikati ya shindano, akarudi nyumbani mikono mitupu akiwa na miaka 19. Miaka mitatu baadaye alitoka Paris na medali mbili za shaba, zote za bastola ya hewa. Ukienda kwenye shabaha za porini utakuta hali ni hiyo hiyo: kuna kundi la vijana, la wanawake na la wazee, lakini njia ni moja na shabaha ni zile zile.

Rada ya hapa Kenya

Sasa tuongee ukweli, kama marafiki. Wengi wetu tulikua na manati, au feya ukipenda, na tukawamaliza ndege wa watu. Ukisoma haya yote unaweza kujaribiwa kuagiza bunduki ya hewa mtandaoni, uijaribu nyuma ya ploti. Usifanye hivyo.

Kwanza, peleti ambayo inaangusha chuma mita 50 inaweza kutoboa jicho la mtoto wa jirani, na jicho halina spea. Pili, huku kwetu kitu kinachofanana na bunduki ni noma. Wahalifu wametumia bastola bandia kuwaibia watu, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina kipengele kinachohusu hata silaha za kuigiza zinazotumika katika uhalifu. Polisi akikuona usiku na mtutu begani hatakuuliza kama ndani mna hewa au baruti. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza Bodi ya Leseni za Silaha sheria inasemaje kuhusu hicho unachotaka. Tatu, ndege na wanyama wetu wana sheria ya kuwalinda.

Njia salama ni kuanzia kwenye klabu iliyosajiliwa, yenye uwanja unaotambulika na mkufunzi. Hapo somo la kwanza huwa si kulenga. Ni kwamba mtutu huelekea upande wa shabaha wakati wote, kidole hakigusi kifyatulio mpaka uwe tayari, na filimbi ya kusimamisha ikilia, kila mtu anaacha, hata kama ulibakisha robo sekunde.

Jaribu hili bila bunduki

Huhitaji leseni kupima kama una kipaji. Simama mita tatu kutoka ukutani, nyoosha mkono kama Dikeç, na uelekeze kidole gumba kwenye swichi ya taa. Fumba jicho moja. Utaona kidole kinacheza, kinapanda na kushuka kwa kila pumzi. Sasa vuta pumzi, toa taratibu, na karibu na mwisho isimamishe kwa sekunde tano. Kidole kitatulia kidogo. Kinachobaki kukitikisa ni moyo wako unavyodunda.

Fanya hivyo mara 50 mfululizo, kila mara ukihesabu kwa uaminifu ni mara ngapi kidole kilibaki juu ya swichi. Kisha mwite rafiki, mpe kalamu, na urudie yeye akikuandikia. Linganisha hizo hesabu mbili. Kama zimelingana, wewe tayari una kitu ambacho watu wale wa porini wanakitaka kwa kila anayejiunga nao.