Je, Mwili Unahitaji Kusafishwa?

 

Huenda rafiki amekushauri unywe dawa ya "kutoa sumu mwilini", au uishi kwa maji ya ndimu pekee kwa siku saba. Mama aliyejifungua juzi huambiwa hivyo ndivyo tumbo litakavyopungua. Je, kuna faida yoyote?

Mwili una wasafishaji wake. Ini huzibadilisha sumu ili ziweze kutolewa. Mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi yako, huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Karibu yote hurudi mwilini. Lita moja au mbili hivi hutoka kama mkojo, pamoja na uchafu. Kazi hiyo huendelea hata ukiwa umelala.

Mwaka 2015, watafiti wa Australia walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu njia hizi za kusafisha mwili. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba zinaondoa sumu.

Utauliza, "Mbona jirani yangu alipungua kilo?" Nyingi ya dawa hizi huharisha, kwa mfano zile zenye sanamaki. Kilichomtoka ni maji, chumvi na choo. Akianza kula, kilo hurudi. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, si kidogo. Njaa na kuharisha humwacha na kizunguzungu na udhaifu. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza kupata madhara makubwa.

Kwa mtoto, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hupungukiwa na maji upesi. Usimpe mafuta ya mbarika wala usimwingizie maji kwa njia ya haja kubwa eti asafike tumbo. Mtoto mchanga tayari ana msaada wake: yale maziwa ya kwanza ya manjano humsaidia kutoa choo cheusi cha mwanzo. Mnyonyeshe, wala usimpe kitu kingine hadi atimize miezi sita. Kama unahofia minyoo, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hupewa dawa yake kliniki kila baada ya miezi sita.

Sumu ya kuogopa ni ile iliyo nyumbani: mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, dawa ya panya, dawa ya mimea. Ziweke juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Basi mama, pesa za dawa ya kusafisha mwili nunulia sukumawiki, maharagwe na matunda. Kunywa maji safi ya kutosha. Ini na mafigo yatafanya mengine.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.