Risasi na Baruti ya Kuwindia Wanyama Wakubwa

Nyati dume aliyekomaa huweza kuwa na uzito wa kilo 600 na zaidi. Katika pori la Moyowosi, kusini ya Geita na magharibi ya Kahama, mwindaji mwenye leseni humkabili mnyama huyo kwa kipande cha madini kisichofikia gramu 20. Kipande hicho kikichaguliwa vibaya, nyati hafi. Hujeruhika, hujificha kichakani, na mara nyingi anayelipa gharama ya kosa hilo ni msasi au askari wa wanyamapori anayetumwa kufuata nyayo za damu. Kwa hiyo swali la uchaguzi wa risasi na baruti, ambalo huonekana kama jambo la anasa za matajiri, ni swali la fizikia lenye uhai wa watu ndani yake.

Kwanza yafaa majina yaeleweke. Katika Kiswahili neno risasi hutaja mambo matatu: madini mazito yenye rangi ya kijivu, kipande kinachoruka, na risasi nzima kabla haijapigwa. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au ya manjano, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Kiwashio cha bunduki hugonga fataki, fataki hutoa cheche, baruti huwaka na kugeuka gesi yenye joto kali, na gesi hiyo husukuma kichwa kupita mtutuni.

Wanyamwezi na Wasukuma wa karne ya 19 waliijua kazi hii kwa njia ndefu zaidi. Misafara iliyokwenda pwani na pembe za ndovu ilirudi na magobore na mapipa ya baruti, na Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya biashara hiyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa magobore ya kawaida. Si kwa bahati. Waliotunga mkataba huo walijua vema tofauti ya silaha hizo mbili, na tofauti hiyo yaweza kupimwa na mwanafunzi yeyote mwenye kalamu.

Tuseme gobore linarusha tufe la madini ya risasi lenye kipenyo cha milimita 18. Densiti ya madini hayo ni gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo tufe lina gramu 34 na nusu hivi. Likitoka kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi, yaani juli 1,550 hivi. Sasa achukuliwe mwindaji mwenye bunduki ya inchi 0.375, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912 na ambayo bado ni kipimo cha chini kwa wanyama hatari katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kichwa chake kina gramu 19.4 na hutoka kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 5,750 hivi. Kichwa ni chepesi kuliko tufe, lakini nishati ni karibu mara nne, kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe.

Hata hivyo nishati peke yake haimwangushi tembo. Lililo muhimu zaidi ni kina ambacho kichwa kitafika, na kina hutegemea tungamo linalobebwa na kila sentimita ya mraba ya mkato. Tufe la gobore lina gramu 13.6 kwa kila sentimita ya mraba. Kichwa cha 0.375, kwa kuwa ni kirefu na chembamba, kina gramu 27.2, yaani mara mbili hivi. Tufe hupungua kasi upesi hewani na hukwama upesi katika nyama na mfupa.

Hapa ndipo ilipo siri ya mwindaji Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya miaka yake katika Karamoja ya Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, na watu wa zama zake walistaajabu. Kichwa alichokitumia kilikuwa na gramu 11.2 tu. Lakini ukikigawa kwa eneo la mkato wake, jibu ni gramu 27.5 kwa kila sentimita ya mraba, karibu sawa na cha 0.375. Kilikuwa kigumu, hakikupasuka, na Bell aliyajua maumbile ya fuvu la tembo hata akafikia ubongo kwa pembe yoyote. Sheria haziwezi kutungwa kwa kumfikiria mtu kama huyo. Hutungwa kwa kumfikiria mwindaji wa kawaida, ambaye mkono wake hutetemeka.

Ugumu wa kichwa nao huchaguliwa kwa mnyama. Kichwa laini, chenye madini ya risasi ndani na gamba jembamba la shaba nyekundu, hufunguka kama uyoga kinapogonga, hupanua jeraha na kumaliza nishati yake ndani ya mwili. Hicho chafaa kwa swala na kongoni. Kikimgonga nyati begani, chaweza kufunguka kabla hakijafika moyoni. Kwa tembo, ambaye mfupa wa fuvu lake ni mnene, hutakiwa kichwa kisichofunguka kabisa.

Baruti nayo huchaguliwa kwa sababu nyingine. Baruti ya zamani, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ilitoa moshi mwingi na kuacha masizi mtutuni. Mwaka 1846 mwanakemia Schönbein, huko Basel, aligundua kwamba pamba iliyotiwa asidi ya nitriki huwaka kwa nguvu kubwa na bila moshi. Pamba hiyo iliwaka haraka mno, ikapasua mitutu, na ilipita karibu miaka 40 kabla ya Mfaransa Paul Vieille, mwaka 1884, kuigeuza kuwa rojo na kuikata vipande vinavyowaka taratibu. Ni jambo la kufikirisha kwamba selulosi ya pamba, zao lililolisha nyumba nyingi za Shinyanga, ndiyo mzazi wa baruti ya kisasa.

Neno “taratibu” hapa lataka maelezo. Kichwa cha 0.375 hupita katika mtutu wa sentimita 60 kwa muda wa milisekunde moja na nusu hivi. Katika muda huo kani ya wastani inayokisukuma ni niutoni 9,600, karibu uzito wa tani moja, na kanieneo ya juu kabisa ndani ya ganda hufika karibu mara 4,000 ya ile ya hewa. Baruti ikiwaka upesi mno, gesi yote hupatikana kabla kichwa hakijasogea, na kanieneo hupanda kupita uwezo wa chuma. Ikiwaka polepole mno, kichwa hutoka mtutuni huku baruti ingali inawaka, na nguvu hupotea kama moto mdomoni mwa bunduki. Kanuni ni kwamba kichwa kizito katika mtutu mwembamba huhitaji baruti ya polepole, kwa kuwa nafasi iliyo nyuma yake hupanuka polepole. Kichwa chepesi katika mtutu mpana huhitaji baruti ya haraka. Mtengenezaji hudhibiti kasi hiyo kwa ukubwa wa punje, umbo lake, na dawa inayopakwa juu yake.

Katika Geita kosa moja la lugha laweza kuua. Wachimbaji huita baruti kitu kinachopasulia mwamba, na wawindaji huita baruti kitu kilicho ndani ya ganda. Ni vitu viwili. Baruti ya bunduki huwaka: moto hutambaa juu ya uso wa punje. Baruti ya mgodini hulipuka kwa wimbi linalopita ndani yake kwa maelfu ya mita kwa sekunde, na kazi yake ni kuvunja kilichoizunguka. Mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na ule uliofunguliwa upya mwaka 2000, yote miwili ilihitaji nguvu hiyo ya kuvunja. Kijana anayechukua masalio ya mgodini na kuyatia katika gobore ameweka mwambani kichwa chake mwenyewe, kwa maana mtutu utavunjika kama mwamba. Hata baruti halali ya bunduki ya kisasa, ikitiwa katika gobore lililofuliwa kwa baruti ya moshi, hulipasua.

Joto pia lina neno lake. Viwanda vya Uingereza vilivyotumia kodaiti, baruti yenye nitrogliserini, viligundua kwamba risasi iliyoachwa juani katika nchi za joto hutoa kanieneo kubwa kuliko iliyopimwa London. Vikapunguza kipimo cha risasi zilizopelekwa Afrika na India. Ganda kubwa la bunduki ya Rigby ya inchi 0.416, iliyotolewa mwaka 1911, lilitengenezwa makusudi lipate nafasi ya kutosha ili kanieneo ibaki chini. Sanduku la risasi likiachwa juu ya gari saa nane mchana mjini Kahama, hoja hiyo haihitaji maabara.

Wako wawindaji, hasa Ulaya na Marekani, ambao hujaza maganda yao upya kwa mikono ili walinganishe kichwa na baruti kwa ajili ya bunduki moja. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asiye na leseni hana ruhusa ya kuifanya. Mizani yao hupima kwa greni, kipimo cha kale cha punje ya nafaka, na gramu moja ina greni 15.4. Mtu anayechanganya greni na gramu hakosei kidogo.

Kumebaki suala la madini yenyewe. Kichwa laini hutawanya vipande vidogo vya risasi katika matumbo yanayoachwa porini, na huko Botswana watafiti wamepima sumu hiyo katika damu ya tumbusi. Kwa hiyo viwanda vimeanza kutengeneza vichwa vya shaba nyekundu tupu. Densiti ya shaba ni 8.96, basi kichwa chenye uzito na kipenyo kilekile lazima kirefuke kwa robo nzima, na kichwa kirefu hutaka mtutu wenye msokoto wa kasi zaidi ili kisipinduke hewani. Dhahabu ya Geita, yenye densiti ya 19.3, ingetoa kichwa kifupi kuliko vyote. Mwanafunzi aweza kukokotoa urefu wake, kisha bei yake.