Kwa Koko Pia ni Utalii

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Julai, nilimkuta jirani yangu wa Nyakasanza akifunga nguo za watoto wake watatu kwenye mfuko wa nailoni. Kando yake kulikuwa na chumvi, sabuni za mche na kitenge kipya ambacho hakijakatwa. Nikamwuliza: "Mama, mwaka huu vakansi ni wapi?" Akacheka. "Vakansi ni ya wazungu na watu wa ONG, mwalimu. Hawa wanaenda tu kwa koko yao, Mahagi."

Mimi hufundisha jiografia ya utalii, na jibu hilo nalisikia kila mwaka hapa Bunia. Kila mwaka nalipinga. Umoja wa Mataifa una shirika lake la utalii, na takwimu zake zina kipimo kimoja kilicho wazi: mtu akitoka nje ya mazingira yake ya kila siku, kwa muda usiofika mwaka mzima, na hakwenda kuajiriwa huko, anahesabiwa kuwa mgeni. Akilala huko hata usiku mmoja, ni mtalii. Akirudi siku ileile, ni mtembezi wa siku moja. Kipimo hakiulizi kama alilala hotelini au kwenye mkeka wa koko, wala kama alibeba kamera au chumvi. Arusi, matanga, ibada, matibabu: vyote vimo.

Kwa hiyo wale watoto watatu ni watalii, na mama yao ndiye wakala wao wa safari. Silisemi hili kwa mzaha. Anayejua kwamba anasafiri hupanga, lakini anayeona anaenda "kwa koko tu" huamka asubuhi, husimamisha motari na kuondoka. Katika mkoa wetu wa Ituri, tofauti ya watu hao wawili inaweza kuwa kubwa sana.

Tuanze na njia yao ya kaskazini. Barabara ya Kitaifa namba 27 hutoka Bunia, hupita Iga Barrière na Djugu, kisha Mahagi, na huishia kwenye mpaka wa Goli. Jina la Iga Barrière lenyewe linakuambia kitu kuhusu barabara zetu. Barieri ni sehemu ya gharama, na asiyeiweka kwenye hesabu hufika kwa koko mikono mitupu. Lakini tangu ghasia zilipoanza upya mwishoni mwa 2017, hesabu ya kwanza si ya pesa. Kilomita hazibadiliki, barabara hubadilika. Swali la kuuliza ni "barabara iko namna gani leo?", na liulizwe asubuhi ya safari, kwa dereva aliyeingia jana jioni kutoka hukohuko. Habari ya juzi imeshachacha.

Wengi hawaishii Mahagi. Waalur wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo shangazi yuko Mahagi na mjomba yuko Nebbi. Hapo ndipo safari ya ukoo inapogeuka kuwa safari ya kimataifa bila mtu kutangaza. Inahitaji hati ya kusafiria, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa siku ya kuondoka amechelewa. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, kwa hiyo ukiambiwa kadi yako "imeisha" kwa sababu ina miaka zaidi ya kumi, usikubali haraka. Mtoto anayevuka bila mzazi abebe barua ya mzazi.

Halafu kuna saa. Ituri iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ukivuka Goli saa sita mchana, upande wa pili ni saa saba. Jambo dogo, lakini mimi mwenyewe, mwalimu wa jiografia, niliwahi kukaa upande wa pili nikinywa chai kwa raha zangu, nikiamini nina saa nzima mkononi, huku basi langu la Kampala likiwa limeshaondoka. Sikumwambia mwanafunzi yeyote.

Anayefika Nebbi amebakiza mwendo mfupi hadi daraja la Pakwach, na ng'ambo ya daraja hilo iko hifadhi ya Murchison Falls iliyoanzishwa mwaka 1952. Humo mto Nile mzima hujibana kwenye mwanya wa mita kama 7 na kuanguka zaidi ya mita 40. Kwa mtu wa Mahagi, hii ni karibu kuliko mbuga nyingi za nchi yetu wenyewe. Uganda ina bei nafuu ya kuingia mbugani kwa raia wa Afrika Mashariki, na Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu Julai 2022. Beba hati yako na uulizie bei hiyo langoni. Najua familia zinazopita daraja hilo mara mbili kila mwaka kwenda arusini na hazijawahi kugeuza shingo kulia.

Njia ya pili ni ya kushuka. Bunia imekaa mita kama 1,250 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Kwa mwendo wa kilomita kama 60 hadi Kasenyi unateremka nusu ya mwinuko wako wote, na joto linakupokea kabla ya samaki. Barabara hupita Bogoro, kijiji ambacho jina lake lilifika hadi mahakama ya The Hague kwa sababu ya mashambulizi ya 24 Februari 2003. Mimi sipiti hapo nikiwa naongea.

Kasenyi ni safari ya siku moja inayowafaa wenye konje fupi: kapiteni wa kuchoma, upepo wa ziwa, kisha kurudi kabla ya giza. Wazee wanakumbuka kwamba palikuwa na zaidi ya hapo. Wakati wa ukoloni meli ya mvuke Robert Coryndon, iliyoundwa Uingereza na kuanza kazi ziwani karibu na 1930, iliunganisha Butiaba ya Uganda na Kasenyi na Mahagi-Port. Msafiri aliweza kutoka Mombasa kwa reli, akabadilisha vyombo njiani, na akashuka Kasenyi na sanduku lake. Meli hiyo ilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hakuna chombo cha hadhi yake kilichokuja nyuma yake. Leo anayevuka kwenda Ntoroko, upande wa Uganda, hupanda boti la mbao lenye injini.

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo watu hufa. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita kama 160 na upana wa 30, lakini kina chake hakifiki hata mita 60 mahali pa ndani kabisa. Watu hudhani maji mafupi ni maji salama. Kinyume chake. Upepo mkali ukipita juu ya maji yasiyo na kina, mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama na kufuatana haraka, na boti refu lililojaa halipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Bonde la Ufa lenyewe, likiwa na kuta pande zote mbili, huuelekeza upepo kama bomba. Tarehe 25 Desemba 2016, upande wa Uganda, boti lililobeba wachezaji wa kandanda wa kijiji pamoja na mashabiki wao lilipinduka ziwani humo humo, wakiwa njiani kwenda kwenye mechi ya Krismasi. Ilikuwa safari ya sikukuu, na naamini hakuna hata mmoja kati yao aliyejiita mtalii.

Njia ya tatu ni ya msitu, nayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi. Kilomita 75 hivi hadi Komanda, kisha Barabara ya Kitaifa namba 4. Ukishika kusini unaelekea Mlima Hoyo, wenye mapango na maporomoko yanayoitwa Escaliers de Vénus. Ukishika magharibi unapita Mambasa na kufika Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi: kilomita za mraba zipatazo 13,700, iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi ukingoni mwa mto Epulu na kupokea wageni wa kulipa, kwa hiyo utalii wa kulala msituni Ituri una umri mkubwa kuliko wengi wetu. Tarehe 24 Juni 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa, watu wakauawa, na okapi wote 14 waliotunzwa pale wakaangamia. Mkongo wa kawaida amemwona okapi kwenye picha tu, na sioni kosa lake. Mwaka 2021 magari kati ya Beni na Komanda yalikuwa yakienda kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Kwa wanafunzi wangu jibu ni lilelile: Epulu si safari ya kuamka na kwenda. Wasiliana kwanza na ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, na ukijibiwa "bado", likubali.

Anayeogopa barabara zote tatu hutazama juu. Kwa Kinshasa ndege haina mshindani. Mashirika ya nchi yetu yamezuiwa kuruka kwenye anga la Umoja wa Ulaya tangu 2006, jambo ambalo abiria ana haki ya kulijua, ingawa mara nyingi hana chaguo jingine. Kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan utapimwa wewe pamoja na mzigo wako, na wengine huona aibu. Si dharau. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, mchana wa joto huwa nyepesi zaidi, na bawa hubeba kidogo kuliko lingebeba pwani. Mzigo wa sombe na makayabu una kilo zake. Kumbuka pia gopasi, ada ya uwanja wa ndege: uliza kama imo kwenye tiketi.

Narudi kwa jirani yangu. Mtalii wa hoteli ana daftari la mapokezi. Mtalii wa ndege yumo kwenye orodha ya abiria. Anayekwenda kwa koko hana daftari lolote, ndiyo maana utalii mkubwa kuliko wote wa Ituri hauonekani kwenye hesabu, na ndiyo maana boti likizama ziwani, idadi ya waliokuwemo hubishaniwa kwa siku kadhaa ufukweni. Ukishuka Kasenyi vakansi hii, vaa jile kabla boti halijasukumwa, na usiondoke mpaka umemwona mwenye boti akiandika jina lako na majina ya watoto wako kwenye karatasi inayobaki nchi kavu. Kama hana karatasi, mpe ya kwako.