Ngozi ya Punda na swali la mtoto

Jumamosi jioni binti zangu wawili na watoto wa jirani walikaa mbele ya kompyuta kuangalia Peau d'âne, maana yake Ngozi ya Punda. Ni filme ya Ufaransa ya mwaka 1970, iliyotengenezwa na Jacques Demy kutoka hadithi ya kale ya Charles Perrault. Mimi nilikuwa pembeni nikichambua maharagi. Nilijua ni hadithi ya watoto, basi sikuwa na wasiwasi.

Malkia anakufa. Kabla ya kufa anamwapisha mfalme asioe tena, isipokuwa mwanamke anayemzidi yeye kwa uzuri. Wanatafuta kila mahali, na anaonekana mmoja tu: binti yao wenyewe. (Catherine Deneuve ndiye anayecheza malkia, na binti pia.) Mfalme anaamua kumuoa mtoto wake. Anaenda kwa mzee mmoja mwenye elimu, na huyu anamwambia kwamba wasichana wadogo wote, ukiwauliza wataolewa na nani, wanajibu: na papa.

Hapo niliweka sahani ya maharagi chini. Ni kweli, hata wangu walisema hivyo walipokuwa na miaka mine. Mtoto anasema vile kwa sababu papa ndiye mwanaume anayemjua na kumpenda. Lakini mtu mzima anachukua neno la mtoto na kulifanya ruhusa. Hata kwetu tunasikia: yeye mwenyewe alikubali, yeye ndiye aliyenifuata.

Binti anampenda baba yake, hajui amkatalie namna gani. Anakimbilia msituni kwa marraine wake, mwenye nguvu za ajabu. Huyu anamwambia wazi kwamba mtoto haolewi na mzazi wake. Anamfundisha kuomba nguo zisizowezekana: ya rangi ya anga, ya mwezi, ya jua. Mfalme anazileta zote. Mwishoni anaomba ngozi ya punda yule anayetoa dhahabu na vito mahali pa mavi, utajiri wote wa nchi. Punda anachinjwa. Binti anajifunika ngozi ile, anatoroka usiku, anakuwa mtumishi mchafu ambaye kila mtu anamcheka.

Yanayofuata mnayajua: mtoto wa mfalme, pete ndani ya keki, harusi. Na kwenye harusi papa anashuka kutoka helikopta, amevaa vizuri, pamoja na marraine, kwani sasa anamuoa yeye. Watoto walicheka sana ile helikopta. Mdogo wangu hakucheka. Aliniuliza: "Mama, mbona hakuomba msamaha?"

Kweli hakuomba, na mimi jambo lile sikulipenda. Lakini filme nitaionyesha tena, kwa watoto wakubwa kidogo, na safari hii bila maharagi mkononi. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ipo tangu mwaka 2009. Ila mtoto anayeogopa usiku hakimbilii karatasi, anakimbilia mtu.

Kwa hiyo niliwauliza wangu: mtu wa nyumbani akikufanyia jambo baya, nawe unaogopa kuniambia mimi, utaenda kwa nani? Mkubwa alisema shangazi, bila kufikiri. Mdogo alikaa kimya, kisha akasema koko. Koko wetu anakaa mwendo wa siku mbili. Tulizima kompyuta, tukaanza kutaja majina ya watu wa hapa karibu, mmoja mmoja, mpaka alipokubali moja.