Maji ya Kwa Nyanya, Tumbo la Minnesota

Madaktari wanaohudumia wasafiri wana kundi moja linalowatia wasiwasi kuliko watalii wa hotelini: watu wanaorudi kuwaona jamaa zao. Mzungu anayekuja kutazama simba huja na orodha ya tahadhari, hutumia maji ya chupa hata kusukutua mdomo, na hulala mahali ambapo mpishi anajua tumbo la mgeni ni jepesi. Lakini Mkisii aliyekaa miaka mingi Minnesota, jimbo la Marekani lenye jamii kubwa ya Abagusii, akifika Itumbe, kwenye milima ya Gusii nchini Kenya, mwezi wa Desemba na watoto waliozaliwa huko, hajioni kuwa mtalii. Amekuja kwao. Akipewa maji kwenye kikombe anakunywa yote, na watoto wanamwiga.

Kinga aliyokuwa nayo utotoni dhidi ya vimelea vya kuhara, hasa zile aina za E. coli zinazoongoza kwa kuwaharisha wasafiri, ilitokana na kukutana navyo kila mara. Akikaa mbali kwa miaka, inafifia. Watoto wake hawakuwahi kuwa nayo. Hao ni watalii kamili, hata kama wanaitwa Moraa na Nyaboke.

Itumbe si mahali pa kiu. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mabonde yake yana chemchemi tele. Nyingi zimejengewa: jicho la maji limefunikwa kwa mawe na udongo, mbele umesimamishwa ukuta wa saruji, na maji yanatokea kwenye kibomba kifupi yakiwa baridi na maangavu. Uangavu huo ndio unaomponza mgeni. Huku watu wamebanana, mashamba yamegawanywa vipande kwa vipande, na choo cha shimo mara nyingi kiko juu mlimani huku chemchemi ikiwa chini bondeni. Mvua kubwa ikishuka, kinyesi cha ng'ombe na cha binadamu hufuata mteremko.

Hata chemchemi ikiwa njema, maji bado yana safari. Huko Busia, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia chemchemi zilizojengewa. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zenyewe ulipungua kwa asilimia 66, lakini maji yaliyokuwa ndani ya nyumba hayakusafika kwa kiasi hicho, kwa sababu yalichafuka tena wakati wa kubebwa na kuwekwa. Ukitaka kujua inavyokuwa, kaa jikoni nusu saa na uutazame mtungi. Anakuja mtoto, anafunua, anachota kwa kikombe, vidole vinne vinazama majini, kikombe kinarudishwa juu ya kifuniko. Anakuja mwingine.

Kwa hiyo maji yachemshwe. Wapo wanaosema kuchemsha hakufai milimani kwa kuwa maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Ni kweli kwamba mjini Kisii, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Vimelea vya kuhara hufa kabla ya hapo. Dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha, na ukivuka mita 2,000 iwe dakika tatu. Kuyachemsha nusu saa ni kummalizia nyanya kuni zake. Kosa kubwa huja baadaye, maji yanapopoa na kumiminwa kwenye mtungi uleule usiooshwa. Yaacheni kwenye sufuria iliyofunikwa, au myatie kwenye chombo chenye koki.

Dawa ya klorini inayouzwa madukani nayo ni nzuri kwa maji maangavu, mradi usubiri dakika 30. Maji ya tope huimaliza nguvu, kwa hiyo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Kuanika chupa ya maji juani kwa saa sita ili vimelea vife kunaweza kufaa Kajiado, penye jua kali. Gusii, ambako mawingu hukusanyika alasiri baada ya alasiri, mimi sipendekezi njia hiyo.

Kuna jambo ambalo maabara haiwezi kulitatua: adabu. Mtoto hawezi kusukuma kikombe cha nyanya yake na kutangaza kwamba maji haya si salama. Chai ndiyo inayookoa. Kwa kuwa huku maji, maziwa na majani huchemshwa pamoja, ni kinywaji salama kuliko vingi vya mjini, na hakuna nyanya atakayekunja uso akiambiwa, "Nyanya, mimi naomba chai." Obokima (ugali) na chinsaga (mboga za kienyeji) vikiletwa vya moto, kuleni mshibe. Vya kuogopwa ni kachumbari iliyooshwa kwa maji mabichi, na juisi iliyozimuliwa kwa maji hayo hayo.

Chanjo za homa ya matumbo (taifodi) na homa ya ini aina ya A zitafutwe angalau wiki mbili kabla ya safari. Ile ya sindano ya homa ya matumbo inayotumika Marekani hurudiwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ya safari ya kale isitegemewe.

Mtu akianza kuhara, asikimbilie antibiotiki. Apewe ORS, au lita moja ya maji yaliyochemshwa yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mtoto hakojoi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya matumbo kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya vimelea kuingia mwilini, wakati mgonjwa huenda amesharudi kazini Marekani. Amwambie daktari mapema kwamba ametoka Kenya. Apimwe malaria kwanza, maana homa hizi mbili hufanana siku za mwanzo na malaria huua upesi, kisha damu ioteshwe maabara. Kipimo cha Widal, kinachotumika katika kliniki nyingi nchini Kenya, mara nyingi hutoa majibu ya uongo; kama alipimwa hivyo kabla ya kupanda ndege na karatasi ikaandikwa taifodi, apimwe upya.