Kabidi Inayoiga Platinamu

Kabidi ya tungsteni si ngeni karakanani. Ncha ya drili inayotoboa zege, meno ya mashine za kuchimba miamba, vipande vya kukatia chuma kwenye lathe: kwa takriban karne nzima vitu hivi vimetengenezwa kwa unga wa kabidi uliogandishwa pamoja na kobalti, ufundi ulioanzia Ujerumani miaka ya 1920. Unga huo huzalishwa kwa tani. Madini yake, wolframu, hayatoki mbali nasi pia, kwani huchimbwa Nyakabingo, wilayani Rulindo, Rwanda. Kwa hiyo anayesikia kwamba wanakemia wamehangaika nusu karne kutafuta namna ya kutengeneza kabidi ana haki ya kushangaa. Si imejaa dukani?

Imejaa, ila ya dukani haifai kwa kazi tunayoizungumzia.

Kazi hiyo ni uchocheaji. Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kutumika na kuisha, na mabingwa wake ni platinamu na jamaa zake: paladi, rodi, iridi. Ndizo zinazosafisha moshi ndani ya ekzosi ya gari, na ndizo zinazotegemewa katika mitambo ya kuzalisha hidrojeni. Lakini ni adimu. Sehemu kubwa ya platinamu ya dunia hutoka katika miamba ya Bushveld, Afrika Kusini, na bei za ukoo huu hazina adabu: mwaka 2021 wakia moja ya rodi ilipita dola 25,000.

Mwaka 1973, R. B. Levy na Michel Boudart wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba kabidi ya tungsteni huifanya baadhi ya kazi ya platinamu, ikiwemo kuzipanga upya atomi za molekuli ya neopentani. Tungsteni tupu haina tabia hiyo. Kaboni ikishajipenyeza kati ya atomi za tungsteni, huzitanua kidogo na kubadili mpangilio wa elektroni zao, na uso wa kabidi ukaanza kuzipokea na kuziachia molekuli kwa namna inayokaribia ile ya platinamu.

Neno la kushika hapo ni uso. Mmenyuko hufanyika juu ya uso tu. Atomi zilizo ndani ya chembe zimelala bure. Mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vijichemraba vya nanomita 2, na kiasi kilekile cha kabidi kitakupa mita za mraba 3,000, karibu robo tatu ya ekari.

Hapo ndipo kabidi inapogoma. Kaboni haiingii kwenye tungsteni bila moto mkali. Njia ya kawaida ni kupitisha methani na hidrojeni juu ya oksidi ya metali kwenye tanuri, mara nyingi kwa nyuzi 700 na zaidi. Kwa joto hilo chembe ndogo huungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Juu ya hayo, kaboni ya ziada hutanda usoni kama masizi na kuziba palepale tulipopataka.

Mwaka 2014, Sean Hunt, Yuriy Román-Leshkov na wenzao wa chuo cha MIT walionyesha hila moja maridadi. Ndani ya matone madogo mno ya maji yaliyosambazwa kwenye mafuta, waliivika kila chembe ya oksidi gamba la silika. Wakazipeleka tanurini zikiwa zimevaa. Kaboni ilipita kwenye gamba, chembe zikabaki zimetengana. Baadaye gamba likayeyushwa kwa kemikali yenye floridi. Kazi nzuri, lakini mpishi wa kiwandani ataona mara moja gharama zake: vimiminika vingi kwa unga kidogo, na floridi si kitu cha kuchezea.

Timu za maabara ya NREL ya Marekani na Chuo Kikuu cha Southern California ziliukwepa moto mkali wenyewe. Walichukua kiambata cha molibdeni, metali ya ukoo wa tungsteni, ambacho tayari kimebeba kaboni, wakakichanganya na kimiminika kisichochemka upesi, wakakisukuma kwenye mirija myembamba iliyopashwa moto. Kiambata huvunjika humo na chembe za kabidi hutoka upande wa pili. Ukitaka zaidi, unaacha pampu iendelee au unaongeza mirija. Huna haja ya kujenga chungu kikubwa ambacho katikati yake joto halilingani na pembezoni. Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye maana zaidi kuelekea kiwandani, japo kiambata chenyewe ni sumu na hutoa gesi ya kaboni monoksidi.

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Northwestern kilileta njia ya kushangaza kwa urahisi wake: molibdeni na sukari ya mezani, sukari ikiwa ndiyo kaboni. Kabidi hiyo iligeuza hewa ya ukaa kuwa kaboni monoksidi, malighafi ya kutengenezea mafuta, kwa nyuzi 600 na kwa zaidi ya saa 500 bila kuchoka.

Mitambo ya moto ya namna hiyo, yenye hidrojeni tele, ndiyo ningeiwekea dau langu. Kwenye seli za mafuta za magari, upande unaokutana na oksijeni ndani ya asidi, kabidi ya tungsteni hugeuka oksidi taratibu. Huko kwa sasa ni afadhali ibaki kiini, na juu yake ivikwe tabaka jembamba la platinamu.